Baba Watatu wa Simba

Ukimsimulia mtoto The Lion King kwa Kiswahili, kuna mahali utakwama ambapo wenyewe waliotengeneza filamu hawakukwama. Kiingereza kina neno moja, uncle, kwa kaka wa baba na kaka wa mama, na Scar anaitwa kwa neno hilo tangu mwanzo hadi mwisho. Sisi hatuna njia hiyo ya mkato. Scar ni mdogo wake mfalme Mufasa, baba yake Simba, kwa hiyo kwa Simba hawezi kuwa mjomba. Ni baba mdogo. Pwani wengine watasema ami. Uzito wa jambo hili niliuona usiku mmoja nikimsimulia mwanangu wa miaka sita. Nilipofika pale korongoni nikasema, "Baba yake mdogo akamshika baba yake kwa kucha, akamwachia, akaangukia katikati ya nyumbu." Mtoto akainua kichwa kwenye mto.

"Baba mdogo? Kama baba mdogo wetu?"

Baba mdogo wake ndiye anayembeba mabegani kila Jumapili. Nikasema ndiyo, kama huyo. Usingizi ukampaa.

Tangu usiku ule nimekuwa nikiitazama upya hadithi hii niliyodhani naijua. Filamu ilitoka mwaka 1994, ikaongozwa na Roger Allers na Rob Minkoff, na majina yake mengi yametoka kwetu: Simba, Rafiki, Pumbaa, Shenzi. Maneno wameyachukua, lakini jinsi Kiswahili kinavyopanga ndugu hawakuichukua, na mpangilio huo ukiuingiza, hadithi inabadilika mbele ya macho yako. Simba hana baba mmoja aliyekufa na adui mmoja aliyemuua. Ana baba watatu. Wa kwanza ni mzazi. Wa pili ni baba mdogo. Wa tatu ni mlezi, naye ni ngiri.

Huyo wa tatu ndiye ninayetaka kumzungumzia, kwa sababu nadhani ndiye baba mpole kuliko wote, na nadhani sisi wenye methali ya "kuzaa si kazi, kazi kulea" ndio tulipaswa kuwa wa kwanza kumwona.

Lakini Mufasa ana haki yake, nianze naye. Sauti ya kwanza kabisa katika filamu ni ya Lebo M, Msauzi kutoka Soweto, akiita kwa Kizulu kwamba simba anakuja, na katika mwito huo mmoja limo neno "baba", lile lile letu, kwa maana ile ile. Mswahili hahitaji tafsiri kulisikia. Na Mufasa anastahili mwito huo. Kuna usiku anapokwenda kumkaripia mwanawe aliyevuka mpaka akaponea chupuchupu mikononi mwa fisi. Mtoto anakuja kwa baba akiwa ameinamisha kichwa, mguu wake unatumbukia katika unyayo wa baba, na unyayo ni mkubwa kiasi kwamba mguu wote unapotea ndani. Baba anafoka, kisha anafanya jambo ambalo akina baba wengi hatujawahi kuwaona wakilifanya: anamwambia mtoto kwamba leo yeye mwenyewe aliogopa, aliogopa kumpoteza. Baada ya hapo wanabingirishana kwenye nyasi wakicheka. Nimekulia mitaa ambayo baba akikohoa tu barazani nyumba nzima inanyamaza. Baba anayesema "niliogopa" ni kitu cha kukaa na kukitafakari.

Ila Mufasa anakufa kabla filamu haijafika nusu. Ni rahisi kumpenda baba aliyekufa akiwa kileleni, ambaye hatukumwona akichoka, akizeeka, akikosa la kumjibu mtoto. Malezi yenyewe, ile kazi ya kila siku ya kumweka mtoto hai hadi aote manyoya ya shingoni, yanaangukia kwa mwingine.

Kwa desturi zetu yalipaswa kuangukia kwa Scar. Ndiyo maana tunamwita kaka wa baba kwa jina la baba. Jina ni deni. Matanga yakiisha, wazee hukaa wakaulizana watoto watakwenda kwa nani, na jicho la kwanza humwangukia baba mkubwa au baba mdogo. Wengi wetu tumewaona waliolipa deni hilo vizuri, waliowalipia ada watoto wa marehemu kabla ya watoto wao. Na wengi tumewaona wa aina ya pili, aliyekuja msibani na funguo za nyumba zikaondoka naye. Kwa hiyo Scar si mgeni machoni petu. Anamwambia yatima kwamba kosa ni lake, kwamba baba amekufa kwa sababu yake, kisha anamwambia akimbie asirudi tena. Kwa anayemsikia kama mjomba wa Kizungu tu, huo ni uhalifu. Kwa anayemsikia kama baba mdogo, neno zima limevunjwa.

Mtoto anakimbia hadi jangwani, anaanguka, tumbusi wanatua juu yake. Hapo ndipo Pumbaa, yule ngiri, anapotokea.

Tazama kwa makini nani anasema nini pale. Timon, yule mnyama mdogo mwepesi wa maneno, akishagundua kilicholala mchangani ni mtoto wa simba, anataka wakimbie, na hoja yake haina dosari: simba hula watu kama sisi. Pumbaa anamtazama mtoto na kuona kwamba ni mdogo, na yuko peke yake. Basi. Anaomba wamchukue. Timon anasema huyu atakua. Pumbaa anajibu kwamba huenda akiwa mkubwa atakuwa upande wao. Timon analirudia wazo hilo kama lake, na watazamaji tunacheka, lakini mtoto ameshanyanyuliwa na ngiri anapelekwa kivulini penye maji.

Ukitaka kupima uzito wa tendo hilo, nenda Mikumi au Serengeti. Ngiri ni nyama ya simba, haina mjadala. Simba humvizia akila, na akikimbilia shimoni wakati mwingine humfukua. Pumbaa si kwamba alimpenda mtoto wa jirani. Alimwokota mtoto wa wale wanaowala ndugu zake.

Hatua chache baadaye linakuja jambo dogo zaidi, na mimi ndilo ninalolirudia kuliko yote. Simba ameshazinduka. Wanamwuliza ametoka wapi, ana nini. Anasema amefanya jambo baya sana lakini hataki kulisema. Timon anafurahi, maana naye hataki kulisikia. Pumbaa anauliza kama kuna la kusaidia. Sentensi moja tu. Hamlazimishi mtoto aseme, wala hampi mawaidha. Anauliza kama kuna la kusaidia, anajibiwa kwamba hakuna, na anabaki pale pale.

Huo ndio upole ninaouzungumzia. Wa Mufasa ni upole wa mwenye nguvu anayejizuia, nao ni mzuri. Wa Pumbaa ni wa asiye na nguvu yoyote, asiye na ufalme wala jina, ambaye alichonacho ni kuuliza na kubaki.

Na jina lenyewe! Kupumbaa kwa Kiswahili ni kuduwaa, akili kusimama, na mpumbavu yumo humo humo. Mtu aliyempa jina hilo alitaka tucheke, na mwili aliopewa unaongeza: machunjua usoni, kitambi, na harufu iliyowafanya wanyama wenzake wamkimbie, kama anavyoeleza mwenyewe katika ule wimbo wao maarufu. Kwetu sisi kuna tabaka jingine juu ya hilo. Ngiri ni wa jamii ya nguruwe. Kwa Waislamu ni haramu, na hata kwa wanaomla, neno "nguruwe" likirushwa barabarani ni tusi. Sidhani kama kuna mnyama ambaye hadhira ya Waswahili ingemtarajia kidogo zaidi kuwa baba wa mtu.

Lakini mpumbavu huyu ndiye mwenye akili katika onyesho la nyota. Wamelala chali watatu, wameshiba, wanatazama juu. Pumbaa anauliza zile nuru ni nini. Timon anasema ni vimulimuli vilivyonasa kwenye kitu cheusi kile. Simba anakumbuka aliyoambiwa na baba yake, kwamba ni wafalme wa kale wanaotutazama, na wenzake wanaangua kicheko. Kabla ya Simba, Pumbaa alishasema kwamba alidhani ni mipira ya gesi inayowaka mbali mno. Hakuna aliyemsikiliza. Ndiye pekee aliyesema kweli, na hapiganii kuwa sahihi. Walezi wengi wanaishi hivyo katika nyumba wanazozilea.

Maumbile yenyewe, kwa kweli, hayamuungi mkono Pumbaa. Dume la ngiri halilei. Watoto ni kazi ya jike. Scar ndiye anayefanana na maumbile. Simba wa Serengeti wamefuatiliwa na watafiti tangu mwaka 1966, George Schaller alipoanza kazi yake pale, na mojawapo ya mambo yaliyoandikwa ni kwamba madume mapya yakiteka kundi huua watoto wa madume yaliyotangulia, ili majike yarudi haraka kwenye joto. Kwa hiyo mwuaji katika filamu anaweza kuonekana mbugani siku yoyote. Mpole ndiye aliyebidi abuniwe. Hayupo porini, wameketi watu mezani wakamtunga, na nadhani walimtunga kwa kuwa walimhitaji.

Nina sababu ya kudhani hivyo. Sauti ya Mufasa, ile iliyowafanya mamilioni ya watoto watamani baba wa namna ile, ni ya James Earl Jones, aliyefariki Septemba 2024 akiwa na miaka 93. Alizaliwa Mississippi mwaka 1931. Baba yake aliiacha familia naye akiwa mchanga, na walioshika malezi yake ni babu na bibi mzaa mama, waliohamia naye Michigan. Utotoni alipata kigugumizi kikali hadi akakaa miaka kadhaa karibu bila kusema, mpaka mwalimu wake wa sekondari alipogundua kwamba kijana huyu anaandika mashairi, akamfanya ayasome kwa sauti. Baba yake, ambaye naye alikuwa mwigizaji, alikutana naye akiwa mtu mzima. Na Hans Zimmer, aliyetunga muziki wa filamu na kupata Oscar kwa kazi hiyo, alifiwa na baba akiwa na miaka sita, na amesema mwenyewe kwamba alipokuwa akiutunga alikuwa anamwombolezea baba yake. Watu hawa wawili walimpa Mufasa sauti na machozi. Lakini Jones mwenyewe alifika kwenye kipaza sauti kwa mikono ya walezi.

Mimi pia nimelelewa hivyo. Mama aliolewa tena nikiwa na miaka minne, na mtu aliyenilea alikuwa fundi cherehani Morogoro, kibarazani pa duka la vitambaa, futi ikiwa shingoni mchana kutwa. Kiswahili kinamwita baba wa kambo, jina lenye ukali ambao yeye hakuwa nao. Nilianza kwa kumwita Anko, na sikumbuki siku nilipoacha.

Sketi yangu ya shule, ile ya bluu, aliishona yeye, na aliiacha na pindo refu kupita kiasi, karibu vidole vinne. Kila Januari alifumua pindo, akashusha kidogo, akashona tena, akaipiga pasi ya mkaa. Ule mstari wa zamani haukufutika. Kitambaa kilipokuwa kimekunjwa kilibaki na rangi yake, na juu yake kulikuwa kumepauka. Nikiwa darasa la tano sketi ilikuwa na mistari mitatu inayozunguka chini, na wasichana walinicheka. Leo kama ningekuwa nayo ningeitundika ukutani. Mistari ile ndiyo miaka yangu, na mtu aliyeketi akaihesabu mapema kabla sijaifikia ni mtu ambaye hatuna damu moja.

Kwenye ripoti ya shule, chini kabisa, palikuwa na nafasi ya sahihi ya Mzazi/Mlezi. Mwaka mmoja mwalimu alisisitiza kila mtu afute neno lisilohusika. Nilimpelekea karatasi kibarazani nikamwuliza tufute lipi. Akaniuliza, "Wewe unaonaje, mwanangu?" Sikujibu. Alisukuma kitambaa pembeni, akaweka sahihi, akanirudishia karatasi. Hakufuta lolote.

Kila mwaka tulikuwa tunakwenda Iringa kwa basi, na barabara inapita katikati ya Mbuga ya Mikumi. Abiria wengine walikuwa wanatafuta tembo na twiga. Yeye alinionyesha ngiri, wanavyokula wakiwa wamepiga magoti kwa miguu ya mbele, na wanavyokurupuka mkia umesimama wima. "Wanapandisha bendera," alikuwa anasema, "ili watoto nyuma wasipotee." Sijui kama aliisoma mahali au aliitunga. Nilipomwona Pumbaa mara ya kwanza, kwenye kanda ya video ya jirani, nilikuwa tayari nampenda mnyama yule.

Kuna wasomaji watakaoniambia kwamba ngiri huyu alimlea mtoto vibaya. Watanitajia "mchelea mwana kulia hulia mwenyewe", na hoja yao ni nzito. Falsafa ya Pumbaa na mwenzake ni hakuna matata: yaliyopita yape mgongo, kula wadudu, lala. Simba anakua akiwa mchangamfu, mnene, asiye na wajibu wowote, huku nyumbani mama yake na ukoo mzima wakifa njaa chini ya Scar. Ilibidi Nala, jike la simba aliyecheza naye utotoni, aje amsute, na Rafiki, yule nyani mzee, ampige fimbo ya kichwa, ndipo ageuke. Nakubali. Kumfundisha mtoto kusahau ni huduma ya kwanza, na huduma ya kwanza haitoshi miaka yote.

Ila tazameni upande wa pili. Scar alikulia katika nyumba ya kifalme, kwenye mila zote na mafunzo yote, na uchungu ukamla mpaka akamuua ndugu yake. Simba alipoteza kila kitu kwa siku moja, akaambiwa kwamba yeye ndiye muuaji, na akakua bila chuki moyoni. Hilo halikutokea lenyewe. Kuna mtu aliyemlisha, akalala karibu naye, akamchekesha, kila siku, kwa miaka. Na filamu imetupa malezi hayo yote kwa sekunde chache: watatu wanavuka gogo chini ya mwezi wakiimba, mtoto wa simba anatingisha kichwa, hatua chache ni kijana, hatua chache tena ni dume lenye manyoya. Miaka yote ya kazi ya Pumbaa imepita juu ya gogo moja. Siwalaumu watengenezaji, kulea hakuna tukio. Hakuna korongo wala nyumbu wanaoporomoka. Ni pindo linafumuliwa na kushushwa.

Matunda yake yanaonekana mara mbili, na mara zote mbili yako kwenye mwili wa Pumbaa. Kwanza, Nala anapotokea akiwinda, anayefukuzwa ni Pumbaa. Ananasa chini ya mzizi wa mti, mnene mno kupita, na jike la simba linakuja. Anayeruka kumkinga ni Simba, anapigana na simba mwenzake kwa ajili ya nguruwe. Lile jibu la jangwani, kwamba huenda atakuwa upande wetu, limetimia. Pili, Simba anaporudi kumkabili Scar, fisi wamejaa njiani na inatakiwa chambo. Chambo ni Pumbaa, anawekwa mbele yao kama mlo, ili kijana apite aende kwao. Anamsindikiza mtoto kurudi kwenye ukoo ambao siku yoyote ungeweza kumla.

Nadhani hapo ndipo baba mlezi anapopimwa kwa kipimo kigumu kuliko vyote. Mzazi anamlea mtoto akijua kwamba jina litabaki kwake. Mlezi analea akijua kwamba siku moja mtu atakuja kutoka upande ule mwingine, kama Nala alivyokuja, na kusema huyu ni wetu, ana kiti chake, ana jina lake. Nilipoolewa, posa ilipelekwa kwa upande wa baba yangu mzazi, ambaye nilikuwa nimemwona mara nne. Fundi alishona nguo za shughuli nzima. Alikaa safu ya tatu.

Jumamosi iliyofuata baada ya usiku ule wa usingizi kupaa, tuliitazama filamu pamoja, mwanangu na mimi, hadi mwisho. Mvua imenyesha, nchi imerudi kijani, wanyama wamekusanyika kama mwanzo, Rafiki anamleta mtoto mchanga wa Simba na Nala amwinue juu. Kwenye jiwe lile, pale mwanzoni walipokuwa Mufasa na Sarabi, mama yake Simba, sasa wapo Simba na Nala, na pamoja nao Timon na Pumbaa. Ngiri amesimama juu ya jiwe la masimba. Hakuna anayemshangaa.

Mwanangu alinyoosha kidole.

"Mama, huyu nguruwe ni nani wake huyo mtoto?"

Nikamwambia ni babu yake.